Taa ya Babu

Katika mji wa Mpanda, nyuma ya nyumba moja ya matofali, pana mwembe mkubwa, na chini ya mwembe huo pana kiti cha uvivu ambacho turubai lake limelegea kwa kukaliwa sana. Mwenye kiti ni mzee mmoja aliyezaliwa Karema, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, mwaka wa 1942. Mzee huyo hupenda kuwaambia wageni ya kuwa yeye ni msafiri mkubwa. Mgeni akimwuliza habari za safari zake, humjibu hivi: "Nilipofika Mpanda hapa palikuwa Jimbo la Magharibi. Baada ya uhuru nikajikuta mkoa wa Tabora. Mwaka wa 1974 nikaingia mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka wa 2012 nikafika mkoa wa Katavi. Na katika safari zote hizo sikuhamisha hata chungu kimoja." Kisha hucheka mpaka machozi yamtoke, ingawa maneno hayo amekwisha kuyasema mara nyingi, na mkewe ayajua kwa moyo.

Jioni moja umeme ulikatika mji mzima. Wajukuu watatu wa mzee, msichana mmoja na wavulana wawili, wakatoka ndani wakipapasa ukuta, wakaja kuketi chini ya mwembe. Msichana, aliye mkubwa wao, alikuwa amechukua kitu alichokiona siku nyingi kikining'inia ghalani. Kilikuwa karabai kuukuu, kioo chake kimepasuka, na utambi wake haupo.

"Babu," akauliza, "taa hii yawaka?"

"Haiwaki, mke wangu," akajibu mzee, maana ndivyo amwitavyo mjukuu wake kwa utani. "Lakini ilipowaka, iliniletea taabu kubwa. Ukitaka kujua habari za taa, yakupasa kuanza na giza."

Bibi yao, aliyekuwa akichochea makaa mlangoni pa jiko, akasema, "Aanze popote apendapo. Kumaliza ndiko kulikomshinda tangu zamani."

Basi mzee akaanza na giza.

Huko Karema, alisema, watoto wa wavuvi hawakuhesabu siku kwa kalenda, walihesabu kwa mwezi. Sababu yake ni dagaa. Usiku wa giza, dagaa wakiona nuru juu ya maji huikusanyikia kundi kwa kundi, na mvuvi huwachota. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru imeenea ziwa zima, basi dagaa hawana haja na moto wa mtu, nao hutawanyika. Kwa hiyo wavuvi walikwenda ziwani siku za giza, na siku za mbalamwezi walipumzika, wakatengeneza nyavu na mitumbwi. Mtoto wa mvuvi alimwona baba yake vizuri wakati wa mwezi mpevu tu. Siku nyingine zote baba alikuwa mtu alalaye mchana, wala haikuruhusiwa kupiga kelele karibu na dirisha lake.

Ndiyo maana mbalamwezi ilikuwa sikukuu. Watoto walicheza kujificha kati ya mitumbwi iliyopakiwa mchangani. Walitegeana vitendawili, walipigana mieleka, na wale wasiotaka kuchafua nguo walizunguka zunguka karibu na ngoma za wakubwa mpaka wafukuzwe. Mchana walikuwa na pia za mti, na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za migomba. Mpira huo ukianguka majini ulinywa maji ukawa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kwa kichwa hakusahau siku ile.

Wazee nao walikuwa na bao. Baba yake mzee alipenda bao kuliko chakula. Mashimo yalichimbwa ardhini chini ya mti, safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete zilikuwa mbegu 64 ambazo mama yao alikatazwa kuzigusa hata kwa ufagio. Mtu asiyeujua mchezo huu hudhani ni kuhamisha mbegu tu. Lakini mchezaji hodari hutazama mashimo ya mwenziwe akahesabu moyoni, bila kugusa, kete zitakapoishia baada ya kuzunguka mara mbili na tatu, naye hujua kabla ya kuanza kama atakula au ataliwa. Baba yake alikuwa hodari wa namna hiyo. Huzuni yake ilikuwa moja tu, kwamba mchana alilala, na usiku wa giza alikuwa ziwani. Akabakiwa na zile siku chache za mwezi mpevu. Mara nyingi mwezi ulitua mchezo ukiwa bado, naye huinuka akisema kwa uchungu, "Mwezi huu ni mchoyo."

"Maneno hayo yawekeni," mzee akawaambia wajukuu, "tutayahitaji."

Wakati ule baba yake alivua kwa moto wa kuni. Mbele ya mtumbwi palikuwa na kitu cha chuma mfano wa kikapu, na ndani yake kuni zikiwaka. Mtu mmoja alipiga kasia, mmoja alitunza moto, na mmoja alichota samaki kwa wavu wenye mpini mrefu. Kuni za usiku mmoja ni mzigo mkubwa, na kuni hizo zilitoka mlimani juu ya kichwa cha mtoto. Mzee alisema ya kuwa katika ujana wake alilijua kila gogo la milima ya Karema, wala hakulipenda hata moja.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alichukuliwa ziwani mara ya kwanza, akapewa kazi ya kutunza moto. Ziwa lilikuwa shwari. Mitumbwi mingine ilionekana mbali, kila mmoja na moto wake, hata mtu angedhani ni mji uliojengwa juu ya maji. Baba yake alimwambia asichezee ukingoni, maana ziwa lile halina chini. Katika hilo baba alikosea, lakini si sana, kwa kuwa wapimaji wamepata kina cha mita 1,470, na katika dunia nzima ziwa lililo na kina kupita hilo ni moja tu, Baikal la Urusi. Kijana alitia kuni, akatia tena. Joto la moto likampiga usoni, maji yakaubembeleza mtumbwi, akalala usingizi. Alipoamka moto ulikuwa umezimika, na dagaa waliokuwa wamekusanyika wamekwenda zao. Baba yake hakusema neno. Akapiga kasia mpaka nyumbani, akamwita mama, akamwambia, "Mpikie mwanao chakula kizuri. Leo amewasamehe dagaa wote wa ziwa."

Tangu siku ile jina lake kwa vijana wenziwe likawa Msamaha.

"Hilo ni kweli," akasema bibi kutoka jikoni. "Nilipofika Karema mara ya kwanza watu waliniuliza kama ni mimi mke wa Msamaha. Nikafikiri nimeolewa na mtu mwema."

Wajukuu wakacheka sana, na mzee akangoja watulie. Kisha akaendelea na habari za Karema, maana alipenda kuitaja. Mahali pale ni pa zamani katika historia. Mwaka wa 1879 Wabelgiji wa chama kilichoundwa na mfalme Leopold walijenga boma huko, na mwaka wa 1885 boma likakabidhiwa mapadre wa White Fathers. Babu wa mzee aliwaambia watoto ya kuwa lilipojengwa, maji ya ziwa yalikuwa karibu nalo. Watoto walitazama kutoka bomani mpaka ufukoni, wakaona jinsi palivyo mbali, wakasema kwa siri kwamba babu amezeeka. Lakini mwalimu wao aliwaambia kuwa babu asema kweli. Miaka ile ziwa lilikuwa limejaa sana. Kisha maji yakavunja njia upande wa magharibi, katika mto Lukuga uingiao Kongo, na ziwa likashuka mwaka baada ya mwaka, likaacha nchi kavu mbele ya boma. Tangu mwaka wa 2020 maji yamepanda tena na kuzigharikisha nyumba za watu wengi ufukoni, na hapo mzee husema kuwa ziwa limekumbuka kitu lilichosahau.

Katika Karema ile ile aliishi mtu ambaye kila mtoto alimjua kwa kumwona, naye ni mganga Adrien Atiman. Alizaliwa mbali kabisa, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu. Angali mtoto alikamatwa akafanywa mtumwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka wamisionari wakamkomboa katika nchi ya Aljeria. Walimpeleka shule, kisha akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema kabla ya mwaka wa 1890, akaoa binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre mwaka wa 1923. Huko Karema akatibu watu mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Kwa watoto wa wakati ule alikuwa mzee tangu kuumbwa kwa dunia. Mzee wetu alikuwa na umri wa miaka kumi na minne mganga alipofariki, naye akumbuka jinsi watu wazima walivyokaa kimya siku nyingi. Ndipo alipofikiri kwa mara ya kwanza kwamba mtu aweza kutoka mbali sana, akafa mahali ambapo hakuzaliwa, na watu wa mahali pale wakamlilia kama wao.

Na meli je? Wavulana wa Karema hawakuweza kukosa habari za meli. Meli Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa katika gari la moshi mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena. Ikaitwa jina la Graf von Götzen. Mwaka wa 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mengi. Mwaka wa 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ilipopiga honi mbele ya Karema mitumbwi ilikimbia kuilaki, maana abiria walishushwa kwa mitumbwi. Mzee anasema ya kuwa mtoto aliyekuwa akipewa dawa chungu alipona mara moja aliposikia honi ile.

Hata mwaka wa 1959, alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, akasikia habari za Mpanda. Huko palikuwa na machimbo makubwa ya risasi, ndani yake fedha na dhahabu kidogo, na kwa ajili ya machimbo hayo reli ilijengwa kutoka Kaliua, urefu wa kilomita 210, ikafunguliwa mwaka wa 1950. Vijana walisema ya kuwa kule mtu hulipwa fedha taslimu kila mwezi, bila kungoja giza wala mwezi.

Alimwambia baba yake. Baba alikuwa akishona wavu, wala hakuinua macho.

"Ziwa lakupa samaki," akasema. "Nawe wataka kwenda kula mawe?"

"Nitakaa kiangazi kimoja tu, baba. Nitakuletea karabai. Hutavua tena kwa kuni."

Maana miaka ile wavuvi wengine wa ziwa walianza kutumia karabai na nyavu kubwa, na taa hizo zilisifiwa kila mahali. Baba alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama karabai hupasuka ukiianguka. Kijana akajibu ya kuwa kioo chake hupasuka. Baba akasema, "Basi angalia usisinzie nayo." Mama aliingia ndani asionekane akilia, akatoka na dagaa wakavu waliofungwa katika majani, mzigo wa kumtosha mtu mwezi mzima. Hapo mzee alikaa kidogo bila kusema. Wajukuu nao hawakumharakisha.

Alitembea zaidi ya kilomita 100 mpaka Mpanda, akafika stesheni siku ile gari la moshi lilipokuwa likiingia. Yeye alijua meli tu. Akatazama chombo kile kikubwa kikipita juu ya nchi kavu, akamwuliza kijana aliyesimama karibu naye, "Hiki kikizama, watu huogelea wapi?" Kijana yule alicheka mpaka akakaa chini, na urafiki wao ukaanza hapo, ukadumu miaka arobaini.

Alipata kazi ya kusukuma vigari vya mawe. Akaweka akiba yake katika kopo, kopo akalifukia chini ya kitanda, na kila Jumapili alilifukua aone kama halijapungua. Lakini kabla kopo halijajaa, mwaka wa 1960, machimbo yalifungwa. Watu wengi walipanda gari la moshi wakaenda zao. Yeye hakuwa na uso wa kurudi nyumbani. Angewezaje kumwambia baba yake ya kuwa mawe yenyewe hayakulika?

Alikuwa na mjomba upande wa Inyonga, katika misitu mikubwa ya miombo, mtu wa nyuki. Akamwendea. Mjomba alimfundisha kubandua gome la mti zima zima na kulifanya mzinga, kuuning'iniza juu ya mti, na kufuata ndege yule mdogo ambaye huwaita watu kwa sauti yake na kuwaongoza mpaka kwenye nyuki, ili naye apate nta na majana watakaposalia. Urinaji wa asali hufanywa kwa moshi, na kwa utaratibu. Kijana wa ziwani hakuwa na utaratibu. Usiku wa kwanza alipanda mti kwa haraka na mwenge mkononi, na nyuki wachache wakapata njia ya kuingia katika suruali yake.

"Nilishuka," akasema mzee. "Nisiulizwe nilishuka namna gani. Mti ulikuwa mrefu kama mnara wa kanisa."

"Mwaka jana ulikuwa mrefu kama mwembe huu," akasema bibi.

"Miti hukua, mama."

Asali waliila na kuiuza, lakini fedha hasa ilikuwa katika nta, maana wafanya biashara waliinunua na kuipeleka ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi katika jimbo lile zima. Kwa nta ya misimu miwili kopo lilijaa. Mwaka wa 1962 aliingia katika duka moja mjini Mpanda, akanunua karabai jipya linalong'aa, akalifunga katika blanketi, akalitia ndani ya kikapu cha nyasi, akalichukua kichwani mpaka Karema. Siku tatu alitembea kama mtu abebaye mayai. Usiku hakulala, kwa kukumbuka maneno ya baba yake, bali aliketi akiegemea mti, amelikumbatia karabai.

Baba yake alikuwa amezeeka kuliko alivyotazamia. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akalisifu, akawaita majirani wote walione. Mama akaimba. Jamaa mmoja aliyejua kuliwasha akaja akalipampu, na nuru yake ilipotoka watoto wote wakapiga kelele, na kuku wakatoka bandani wakidhani kumekucha.

Siku chache baadaye mwezi ukaisha, giza likaingia. Kijana akateremka ufukoni mapema, akautia mtumbwi maji, akangoja. Mitumbwi ya wengine ikatoka mmoja mmoja. Baba haji. Akangoja tena, mwisho akapanda nyumbani kwa wasiwasi, akifikiri labda amepatwa na homa. Alipokaribia aliona nuru kubwa chini ya mti. Karabai lilikuwa limetundikwa tawini, wadudu wote wa Karema wakilizunguka, na chini yake baba yake na wazee watatu wameinama juu ya bao.

"Baba," akasema, "na ziwa?"

"Ziwa lipo," akajibu baba, bila kuinua macho kutoka katika mashimo. "Halijatoka mahali pake tangu babu zetu. Wewe una nguvu, na ndugu yako ana nguvu. Nendeni mkavue."

"Twende na nuru gani?"

"Kuni ziko mlimani. Wazijua."

Basi kijana aliyetembea siku tatu ili asikate kuni tena, akachukua shoka.

Akakaa Karema msimu ule wote, na karabai halikwenda ziwani hata usiku mmoja. Mama alilalamika juu ya bei ya mafuta ya taa, akasema ya kuwa mwezi ni mchoyo lakini hauuzwi dukani. Wazee wa vijiji vya jirani walikuja kucheza, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi. Na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kulala mchana, akawa mtu wa kucheka usiku. Alipokufa, miaka mingi baadaye, ndugu walimpa mzee karabai lile achukue Mpanda, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kulidai.

Wakati huo huo umeme ukarudi. Nyumba zote zikang'aa, na redio ya jirani ikaanza kusema katikati ya neno. Wajukuu hawakuondoka. Mvulana mdogo alikuwa amelipakata karabai magotini, akifuta vumbi la kioo kwa kanzu yake.

"Babu," akauliza, "usiku ule wa kwanza, nani alishinda bao?"

"Baba alishinda," akasema mzee. "Lakini wale watatu walisema siku zote ya kuwa alikaa upande wenye nuru."